Hori la Swala Waliohama

Bi Sungura alikuwa akichambua maharage, sufuria tupu iko mekoni, Kanga alipoingia akihema.

"Shoga, bombani maji yamekatika tena!"

"Na mimi sina hata tone. Wanangu watakula nini leo, mawe?"

Mwaka huo wa ukame wanyama wote walitegemea pampu moja iliyoongozwa na kompyuta. Programu yake waliiandika pamoja tangu enzi za wazee wao, na kila mmoja aliruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Kuongeza mistari walipenda sana. Kufuta ya zamani ilikuwa kama kuosha masufuria: kila mtu alimwachia mwenzake.

Bi Sungura akajifuta mikono, akaenda kuisoma. Akakuta mistari inayopeleka maji nyuma ya kilima, kwenye hori la Swala. Swala walikwisha kuhama zamani.

"Maji yetu yanaishia kwenye hori la Swala," aliwaambia wenzake. "Tuifute mistari hii."

Fisi akaruka. "Usiguse kazi ya wazee! Mimi hilo hori hata silijui lilipo. Nawatetea marehemu tu."

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Babu yangu aliandika hiyo. Haifutwi ovyo."

"Sawa, mzee," akasema Bi Sungura. "Basi tufuate desturi yetu: mistari yenye shaka huzimwa kwanza. Anayeihitaji atalia, tutaiwasha. Asipolia mtu, tunafuta."

Fisi alitaka kupinga, lakini angepinga kwa lipi? Si amesema hori halijui?

Mistari ikazimwa. Maji yakarudi bombani, na Bi Sungura akainjika maharage. Hata hayajalainika, ukelele ukasikika nyuma ya kilima.

"Nani kafunga maji yangu? Nimejaa sabuni mie!"

Wote wakakimbilia huko. Fisi alikuwa amesimama ndani ya hori, povu mpaka masikioni.

"Kaka Fisi," Kanga akauliza, "hori umelijulia wapi?"

"Ni... nilikuwa nalisafisha. Kwa heshima ya marehemu."

Simba alicheka hata akamsahau babu yake. Mistari ikafutwa papo hapo, na aliyeifuta ni yeye.

Jioni Bi Sungura akapakua, akahesabu vichwa: watoto wote wapo, Kanga yupo, Simba kakaa palipo na mkeka mzuri. Mlangoni alisimama Fisi, sabuni imemkaukia mwilini, bakuli mkononi.

"Ingia, basi. Lakini nawa kwanza, maji yapo."

Mficha maradhi, kilio humuumbua.