Gari Hili Haliuzwi

Sogeeni, wakubwa kwa watoto, nipeni masikio. Leo nina gari moja, nina ndugu watatu, na nina kipande cha ardhi kisichozidi upana wa gari hilo. Gari lenyewe limeshakwenda zake. Ardhi ndiyo iliyobaki, na ndiyo iliyowafanya ndugu hao washindwe kutazamana usoni.

Pale Same, kando ya barabara kuu, alikuwapo Mzee Mrutu na wanawe, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Wa kwanza ni Dada Naetwe, mtu asiyepoteza kitu. Mwachie sindano leo, mdai baada ya miaka saba, atakuletea pamoja na uzi wake. Wa pili ni Elisikia, fundi wa magari, na jina lilimkaa sawasawa: injini ikinguruma, yeye anakwambia inaumwa wapi kabla hujafungua boneti. Wa mwisho ni Nakunda, mwandishi wa mabango. Huyo alikuwa na mkono, jamani! Herufi zake zilisimama ukutani utadhani zimepigwa chapa.

Gari nalo lilikuwa pikapu ya kijani. Watoto walilibatiza Shangazi, kwa sababu lilikuja kupumzika mbele ya nyumba siku mbili tu, likakaa miaka kumi na moja. Kuku walitagia ndani, majani yakapanda mpaka vioo. Kila asubuhi Mzee Mrutu akifungua mlango anakutana nalo uso kwa uso, anasonya. Siku moja akachoka. Akawaita wanawe akawaambia kwamba atakayeliondoa gari lile kwa kuliuza, si kwa kulisukumia korongoni, basi mahali liliposimama ni pake, ajenge kibanda chake cha biashara. Pa mtu mmoja, alisema, maana ukipagawanya vipande vitatu utapata mabanda ya kuku.

Na mahali penyewe si mchezo. Mabasi yote husimama mbele yake. Dada Naetwe alipataka apikie chakula, Elisikia alipataka aweke gereji. Lakini Nakunda alipahitaji. Mwenye baraza alilokuwa akifanyia kazi alikuwa amempa mpaka Jumatatu awe ameondoa makopo yake, na akitoka pale hana pengine pa kwenda, na bango la futi nane huwezi kuliandikia kitandani. Nawaambia mapema, mimi moyo wangu uko kwa Nakunda na sifichi. Lakini hadithi nitaisema kwa haki.

Alhamisi asubuhi Nakunda alikuwa wa kwanza kuamka. Akachukua kopo la rangi nyeupe akaenda kuandika tangazo ubavuni mwa gari. Sasa, wiki ile mji mzima ulikuwa umeingiliwa na matapeli, mtu anauziwa nyumba ambayo mwenyewe yuko safarini wala hana habari. Kila mwenye nyumba alitaka maneno yale yale ukutani, NYUMBA HII HAIUZWI, na Nakunda alikuwa ameyaandika kwenye kuta kumi na nne ndani ya siku tatu. Mkono ulishazoea. Akili yake iko Jumatatu, kule barazani, na mkono unajiendea wenyewe. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tano atazame kazi yake. Akasoma, kwa herufi kubwa, safi, zilizonyooka: GARI HILI HALIUZWI.

Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Majirani walicheka wakashika mbavu. Mzee Mrutu aliuliza ni nani amemroga mwanawe, akamwamuru afute upesi, lakini ile ilikuwa rangi ya mafuta, na kwa jua la Same ilishakauka zamani.

Basi hapo ndipo mambo yalipochangamka. Gari ambalo hakuna aliyewahi kuligeukia, sasa watu wanasimama kulitazama. Abiria wanatoa vichwa madirishani. Kwa nini haliuzwi? Lina nini? Ijumaa walikuja watu sita kuuliza. Jumamosi saa saba mchana akafika Bwana Mshana, mtu wa kukodisha magari ya zamani kwa maharusi, akiwa na dereva wake njiani kwenda Arusha. Akalizunguka mara tatu. Akasema maisha yake yote wauza magari ndio wanaomkimbilia yeye, na hili ndilo gari la kwanza kumkataa. Mzee Mrutu, mjanja yule, akanyamaza akatazama milima. Bwana Mshana akapandisha bei. Mzee akaendelea kutazama milima. Akapandisha tena, Mzee akakohoa kidogo, akasema labda tunaweza kuzungumza.

“Nalitaka leo,” alisema Bwana Mshana. “Lakini liwake, litoke hapa lenyewe. Saa kumi naondoka, niwe nalo nisiwe nalo.”

Elisikia aliitwa kutoka kwenye chakula, akaja mbio na tonge bado liko mkononi. Injini ile ilikuwa bubu miaka yote kumi na moja. Akatoa kiota cha panya, akasugua plagi, akaazima betri kwa jirani. Akajaribu, ikakohoa ikafa. Saa nane hiyo. Akajaribu tena, ikakohoa ikafa. Akaomba mwiko wa ugali. Watu wakaangua kicheko, lakini yeye akaweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akainua mkono wanyamaze, na kando yote ya barabara ikanyamaza, hata mchoma mahindi akaacha kupepea moto. Akasikia mfyonzo mdogo, kama mtoto anayenyonya kikombe kitupu. Pampu ya mafuta imechanika utando. Mpya ya kununua iko Moshi, na huko hawezi kwenda akarudi kabla ya saa kumi. Mwanamume akakaa chini, akavua kiatu chake cha ngozi, kile cha kanisani, akakata ulimi wa kiatu kwa mkasi, akaushona pale pampuni.

Saa tisa na nusu akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, likakohoa. Mara ya tatu, mama yangu, Shangazi akaunguruma! Moshi ukafunika nyumba, kuku wakarukia dirishani, vigelegele vikapigwa mpaka ng'ambo ya barabara. Nakunda alijikuta anarukaruka ameshikana mikono na mwanamke ambaye walikuwa hawasalimiani kwa miaka miwili. Gari likajivuta hatua moja, ya pili, likatoka kwenye majani.

Bwana Mshana akasema vizuri sana, sasa nipeni kadi ya gari.

Vigelegele vikakatika. Bila kadi gari si lako, huwezi kumwandikisha mwingine, utakamatwa nalo kwenye kona ya kwanza. Na kadi ile ilipotea. Mzee Mrutu aliitafuta miaka na miaka, akapekua sanduku, akapasua mpaka godoro. Bwana Mshana akatazama saa, ni saa kumi kasoro dakika sita. Akampa Mzee mkono wa pole, akafungua mlango wa gari lake. Nakunda aliona kila kitu kinamponyoka.

Hapo Dada Naetwe akaingia ndani. Akatoka na kitabu chake cha nyimbo, akachana jalada, na humo ndani, ndani ya karatasi ya nailoni, ikatoka kadi. Kavu. Haina doa wala kunjo. Bwana Mshana akaisoma pande zote mbili, akacheka, akaipiga busu, akamhesabia Mzee pesa.

“Niliichukua mimi, Baba,” alisema Dada Naetwe, na machozi yalikuwa yakimtoka. “Mwezi ule tuliomzika Mama, wewe ulitaka kuwauzia gari watu wa vyuma chakavu. Mama alikuwa anakaa kiti kile cha mbele. Sikuweza.”

Saa kumi kamili Shangazi akaingia barabarani, watu wakalikimbilia na kulipigia makofi mpaka likapotea kwenye kona. Palibaki kipande cha udongo mkavu chenye madoa ya oili. Na ndugu watatu wakiwa wamesimama juu yake.

Shangwe ikageuka kelele. Nakunda alisema bila maandishi yake Bwana Mshana asingesimama, angepita tu kama walivyopita wote. Elisikia akamjibu kwamba yale yalikuwa makosa, na mtu hatuzwi kwa kukosea. Kama si ulimi wa kiatu chake gari lingekuwa bado linatagiwa. Nakunda akamkumbusha ni nani aliyeifungua injini miaka kumi na moja nyuma akaahidi gari litakuwa tayari Jumamosi, na halikuwaka tena. Dada Naetwe akasema bila kadi hayo yote ni bure, na wale wawili kwa pamoja wakamwambia kwamba kadi hiyo aliiba, na kama asingeiba gari lingeondoka zamani. Dada Naetwe akajibu kwamba lingeondoka chuma chakavu, na leo Baba angekuwa mikono mitupu.

Mzee Mrutu aliwasikiliza mpaka wakaishiwa. Kisha akasema yeye aliahidi mmoja, hakuahidi watatu, na neno lake halirudi nyuma. Ila hatachagua yeye.

“Kila mmoja ataje anayestahili,” alisema. “Na mtu hajitaji.”

Elisikia alitazama kiatu chake, akamtaja Dada Naetwe. Alisema mtu aliyeweza kutunza karatasi kavu miaka yote ile anajua kutunza na mahali.

Dada Naetwe akafuta macho, akamtaja Elisikia. Alisema maandishi yalikosewa na kadi iliibwa, lakini kiatu kilikatwa kwa kusudi na kwa moyo mweupe.

Amebaki Nakunda. Jumatatu ni keshokutwa, makopo yake hayana pa kuwekwa, na jina pekee analolitaka ndilo asiloruhusiwa kulitamka. Neno lake ndilo litakalompa mmoja wa wale wawili ardhi aliyoiota yeye. Baba yake anamngoja. Dada yake anatazama chini. Kaka yake anatazama barabarani. Ameufungua mdomo.

Mimi namwacha hapo hapo, sithubutu kumsemea. Lakini nyinyi Mzee Mrutu hajawafunga. Mnaruhusiwa kumtaja yeyote kati ya watatu: aliyeandika kwa kukosea, aliyefufua alichokiua mwenyewe, au aliyetunza kwa kuiba. Mahali pale ni pa nani? Je, wewe ungeamua vipi?