Fundi Aliyeambiwa Asivuke Kiatu

Hii nimeletewa asubuhi kwenye kikundi cha ukoo wetu. Nimeisoma mara mbili kabla ya chai, nikaona si haki nikae nayo peke yangu. Nimeongeza chumvi kidogo, wanaokula bila chumvi wanisamehe.

Palikuwa na mwalimu wa Kiingereza katika mji mmoja wa milimani, huko ambako watu huvaa masweta hata saa sita mchana. Jina lake Mligo. Alikuwa mwalimu hodari, hilo hakuna aliyelibisha. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda maneno magumu kuliko alivyopenda kusikiliza watu.

Kila Jumatatu aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza ambalo hata Mwingereza mwenyewe angekuna kichwa. Kisha alieleza maana yake, limetoka lugha gani, na lilizaliwa kwa kisa gani. Wanafunzi walimpenda kwa hilo. Watu wazima walimkwepa kidogo, kwa sababu maneno hayo hakuyaacha shuleni. Aliyabeba hadi sokoni, hadi kanisani, hadi msibani.

Sokoni palikuwa na fundi viatu aliyeitwa mzee Chengula. Alikuwa amekaa kwenye kibanda kile kile miaka thelathini na miwili. Mteja akimletea kiatu, Chengula hakuuliza kimeharibika wapi. Alikigeuza kwanza, akatazama soli kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kwa soli tu alijua nani hubeba mizigo kwa bega la kushoto na nani huendesha baiskeli. Mama mmoja aliambiwa apumzishe goti wiki mbili kabla hajaanza kuchechemea.

Mwaka mmoja Mwalimu Mligo alimpelekea viatu vyake vyeusi. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeliwa ncha ya mbele. Chengula akabandika kipande cha raba, akashona. Baada ya wiki tatu viatu vikarudi, ncha ile ile imeliwa. Akabandika tena. Mara ya tatu Mwalimu alikuja na viatu kwenye mfuko na hasira usoni, na siku hiyo benchi la kibandani lilikuwa na wateja wanne.

"Kamwene, Mwalimu," fundi alimsalimu kwa salamu ya kwao.

"Kamwene. Fundi, hiyo gundi yako ni ya kubandikia karatasi? Hii ni mara ya tatu."

Wateja wakatazamana. Fundi akiambiwa hivyo mbele za watu, kesho kibanda chake kinaweza kubaki na nzi tu. Lakini Chengula hakukasirika. Alivitoa viatu mfukoni, akavigeuza, akaviweka sambamba mapajani.

"Mwalimu, gundi haina kosa. Tazama. Cha kushoto kimeliwa kisigino, kama viatu vya watu wote. Cha kulia kimeliwa ncha. Mguu wako wa kulia haunyanyuki vizuri, unaburuta. Na kila mara umeburuta zaidi ya mara iliyopita."

"Mimi naburuta mguu?"

"Kidogo. Wewe mwenyewe huwezi kuona. Nakuomba uende hospitali wakuangalie."

Wateja wote wanne wakainamisha macho kutazama miguu ya Mwalimu. Hapo ndipo alipoudhika kweli. Akatabasamu, lile tabasamu lake la Jumatatu.

"Fundi, Waingereza wana neno kwa ajili yako. Ultracrepidarian."

Mteja mmoja akajaribu kulitamka, ulimi ukamkwama.

"Limetokana na Kilatini," Mwalimu akaendelea, sasa akiwageukia walioketi. "Maana yake ni kupita kiatu. Zamani sana huko Ugiriki kulikuwa na mchoraji mashuhuri. Alikuwa akimaliza picha anaiweka njiani, halafu anajificha nyuma yake asikie wapita njia wanasemaje. Siku moja akapita fundi viatu kama huyu wetu, akasema ndara iliyochorwa ina kasoro, imepungua kitanzi. Mchoraji akakubali, akairekebisha. Kesho yake fundi akapita tena, akaona ameheshimiwa, kichwa kikavimba. Sasa akaanza kuukosoa na mguu. Mchoraji akatoka mafichoni akamwambia: wewe ni fundi viatu, usihukumu zaidi ya kiatu. Kwa kisa hicho, miaka mia mbili hivi iliyopita, Waingereza wakaunda hilo neno. Ni mtu anayetoa maoni juu ya jambo asilolijua."

Wateja wakacheka. Sidhani kama walicheka kwa ubaya. Watu hucheka kirahisi anapoumbuliwa mwingine.

Mzee Chengula alisubiri kicheko kiishe.

"Na huo mguu, Mwalimu," akauliza taratibu, "ulikuwa umechorwa sawasawa?"

Mwalimu akasita. "Hadithi haisemi."

"Haisemi?"

"Haisemi. Na si hoja."

"Sawa, Mwalimu. Sitavuka kiatu. Niachie hivi, kesho asubuhi nitakuletea mwenyewe shuleni."

Nisimame hapa kidogo niseme ukweli wangu. Ningekuwa mimi, ningebandika raba nikanyamaza, kila mwezi nikapokea kiatu kile kile na kumtakia Mwalimu siku njema. Chengula angeweza kufanya hivyo na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa amefedheheshwa mbele ya wateja wake, na mguu haukuwa wake. Lakini jioni ile mkewe alipomuuliza kwa nini hali vizuri, alimjibu, "Kuna mtu atapoteza mguu, na amenikataza kumwambia."

Kesho yake alifika shuleni kabla kengele haijagongwa, viatu vimefungwa kwenye gazeti. Hakuwa na desturi ya kupeleka viatu kwa mteja, kwa hiyo walimu walishangaa kumwona. Mwalimu Mligo alivivaa mlangoni mwa ofisi ya walimu, akashukuru kwa mdomo nusu, akaharakisha kwenda darasani.

Korido ya shule ile ilikuwa ndefu, ya saruji nyekundu. Wanafunzi waliisugua kila Ijumaa hadi ikang'aa. Mwalimu aliipita yote mpaka darasa la mwisho, akafundisha vipindi viwili mfululizo, akatoka. Akasimama.

Sakafu ilikuwa na alama nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nani amechafua korido?" akauliza kwa sauti ya kutafuta mtu wa kuadhibiwa.

Wanafunzi wakatazama viatu vyake. Mwishowe msichana mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa dirishani, akasema kwa adabu, "Ni wewe, Mwalimu. Ni viatu vyako."

Mwalimu akainama. Chengula alikuwa amezipaka soli zote mbili chaki ile anayochoria ngozi, safu nene, ameisugulia mpaka ikashika. Hakuandika barua wala hakusema neno. Alibaki kwenye kiatu, kama alivyoagizwa.

Mguu wa kushoto ulikuwa umeacha nyayo safi, moja baada ya nyingine, kisigino na ncha. Wa kulia haukuacha unyayo mzima hata mmoja. Uliacha mstari, kama mtu aliyepita akiburuta ufagio.

Akatembea hatua kumi akijaribu kunyanyua mguu kwa makusudi. Akageuka kutazama. Mstari ulikuwa umemfuata.

Ndipo akakumbuka mambo aliyokuwa ameyapa visingizio. Alijikwaa kwenye ngazi za bwalo mara mbili, akalaumu nta ya sakafu. Ndara ya kulia ilimvuka bafuni, akasema imelegea. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa. Aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule saa ile ile, akaenda hospitali na chaki yake miguuni.

Walimpiga picha za mgongo, wakampeleka hospitali kubwa ya mkoa wa jirani. Kulikuwa na uvimbe umekandamiza mshipa wa fahamu kwenye uti wa mgongo. Haukuwa saratani, ila ulikuwa unakua. Walimpasua wiki iliyofuata.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimketisha siku ya kuruhusiwa. "Wengi huletwa wakiwa hawawezi kusimama tena," akamwambia. "Miezi mitatu zaidi, na huu mguu usingerudi. Wewe hukuwa na maumivu. Nani alikushtua?"

"Fundi viatu," Mwalimu akajibu.

Daktari akadhani anataniwa.

Ikapita miezi minne, ya fimbo kwanza, kisha ya kutembea polepole bila fimbo. Siku ya gulio, kibanda kimejaa, Mwalimu Mligo akatokea. Alikuwa amevaa viatu vile vile vyeusi. Hakungoja nafasi kwenye benchi. Alisimama mbele ya watu wote.

"Shikamoo, mzee wangu."

Miaka yote alikuwa akimwita Fundi. Chengula akainua kichwa. "Marahaba, Mwalimu."

"Nilikudhalilisha hapa hapa, na wengine wenu mlikuwepo. Nilisema unaongea jambo usilolijua. Wewe ndiye uliyelijua, mimi ndiye ambaye sikulijua. Naomba unisamehe mbele za watu, kwa sababu nilikukosea mbele za watu."

"Yamekwisha, Mwalimu. Kaa."

Mwalimu hakukaa kwanza. Aliinama, akavua kiatu kimoja, akavua na cha pili, akabaki na soksi kwenye vumbi la soko. Akavinyoosha kwa mikono miwili.

"Nimevivaa hivi miezi miwili kila siku. Daktari anasema nimepona, lakini nimekuja kukuuliza wewe. Niambie chochote unachokiona, hata kikifika kichwani."

Walioketi kwenye benchi wakanyoosha shingo kutazama. Mzee Chengula alivigeuza viatu. Akafuta vumbi kwa kidole gumba. Akatazama cha kushoto, akatazama cha kulia, akarudi cha kushoto. Alitazama kwa muda mrefu hadi Mwalimu akafumba macho.

"Visigino vimeliwa," fundi akasema. "Vyote viwili, sawasawa. Hapa sina kazi ya kufanya."

Mwalimu Mligo, mwenye neno kwa kila jambo, akaketi kwenye benchi akalia.

Funzo: Aliyeishi na kazi yake miaka mingi huona mambo ambayo cheti hakikuandika; akikuonya, usianze kwa kumpima anastahili kusema au hastahili, anza kwa kuangalia kama anachosema ni kweli.