Baragumu la Mtambaazi

Ukuta wa ndiva ya Kwamrinji ulipasuka adhuhuri, mwaka ambao mvua za vuli ziliwahi. Hilo linakubaliwa na koo zote, hata zile zisizopatana juu ya mengine. Wakati huo mtambaazi hakuwa na ua.

Ndiva ni bwawa la udongo. Maji ya mfereji hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Ukuta wake ni kazi ya kijiji kizima, na kila nyumba ina kipande chake. Baragumu likilia alfajiri, watu hutoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya wote. Jua likifika utosini, kila mtu hurudi kwake.

Mtambaazi, huyu wa mwituni anayefanana na kiazi kitamu lakini hana kiazi, alikuwa majani matupu. Hakujua asubuhi wala jioni. Alikwea mahindi, akayafunga maharage, akalala juu yake. Aliyemkata kwa jembe alimzidisha, kwa sababu kila kipande cha mzizi kilichobaki ardhini kilichipua.

Nakunda, mjane mwenye shamba moja tu, lililokuwa chini ya ukuta, alimng'oa msimu mzima. Mizizi aliibeba kwa tenga akaitupa kwenye kipande chake cha ukuta, mbali na maharage. Ikaota huko. Kabla ya vuli, udongo wa kipande hicho haukuonekana tena.

Msaragambo ulipoitwa kusafisha ukuta, wifi yake aliangua kicheko.

"Wifi, ndiva yako imeota ndevu!"

"Kamnyoe kaka yangu kwanza," Nakunda akajibu, "ndipo uje kwa ndiva."

Mzee Mrutu, msimamizi wa maji, hakucheka. Kipande chake mwenyewe kilikuwa kimepaliwa hadi kung'aa.

"Mama, ndiva si kichaka," alisema. "Msaragambo ujao nikikuta majani hapa, zamu yako ya maji naigawa."

Nakunda alijua maana yake. Bila zamu, maharage yangekauka, na wanawe hawakuwa na chakula kingine. Alikata hadi jua la utosi. Siku chache baadaye machipukizi yalikuwa yamerudi, mengi kuliko awali.

Akaweka jembe chini akasema na Mtambaazi, maana siku hizo mimea ilijibu.

"Wewe unanitafutia njaa."

"Na wewe unanitafutia kifo," alisema Mtambaazi. "Kila nikaapo, jembe. Nionyeshe mahali pasipo jembe."

Nakunda aliutazama ukuta, akalitazama shamba. "Kaa hapa. Ukishuka kwenye maharage nitakung'oa. Hapa sikugusi."

Akachukua jembe lake akaenda nyumbani, akijua ameiweka rehani zamu yake ya maji.

Mvua ilitangulia msaragambo. Ilinyesha tangu asubuhi, na adhuhuri ukuta ukapasuka kwenye kipande cha Mzee Mrutu, palipokuwa safi kuliko pote. Maji yaliporomokea korongoni. Pengo likapanuka kuelekea upande wa Nakunda, likimeza kipande cha nyumba moja, kisha cha nyumba nyingine. Yeye alisimama chini, kwenye maharage yake, akiangalia. Pengo lilifika kwenye mizizi ya Mtambaazi. Likasimama hapo.

Mvua ilipokatika, Mzee Mrutu alikwenda kwa Nakunda, mkononi baragumu, miguuni matope.

"Mama, naomba mbegu."

"Mbegu ya nini, Mzee? Lete jembe. Ulivyotaka nimkate ndivyo utakavyompanda."

Ukuta ulipojengwa upya, kila nyumba ilifukia vipande vya mizizi kwenye sehemu yake. Hapo Mtambaazi akasema tena.

"Ninyi mkifanya kazi mnaitwa, na adhuhuri mnapumzika. Mimi nani ameniita?"

Watu walimtazama Mzee Mrutu. Yeye akaliweka baragumu juu ya ukuta, Mtambaazi akalizungushia mikono yake. Kulipokucha, kila tawi lilikuwa na ua lenye umbo la baragumu, mdomo wazi. Jua lilipofika utosini, yote yalikuwa yamefumba.

Na tangu siku hiyo ua la mtambaazi hufunguka alfajiri, wakati wa kuitwa kazini, na hufumba kabla jua halijapinda. Wanawake wa Kwamrinji humpanda ukutani kwa mikono yao, na hapo hakuna anayemgusa kwa jembe. Akionekana kwenye maharage hung'olewa hadi mzizi wa mwisho. Kila msimu hujaribu kushuka. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Mtambaazi alitimiza sharti lote la Nakunda.

Vuli iliyopita mvua ilibeba daraja lililo chini ya kijiji. Asubuhi yake ukuta wa ndiva ulikaguliwa, kipande kwa kipande. Maua yalikuwa wazi. Ufa haukuonekana, na maji yakafunguliwa kwa zamu kama kawaida.