Kioo Kilichoogopa Hewa

Mtu mmoja alikuwa na chumba kisichoingia hewa. Jina lake Byabato, fundi wa sola kule Bukoba, ambako mvua haina adabu, haibishi hodi, na ukungu wa ziwa hulowesha hata kiberiti. Ndani ya chumba hicho, penye mashine ya kukausha hewa, alipaka vioo dawa nyeusi inayokula jua na kutoa umeme. Alivipima humohumo, akavisifu humohumo. Ungemsikia, ungedhani amelitia jua mfukoni.

Kioo cha kwanza alikipandisha juu ya zahanati ya kijiji, kijaze betri ya taa ya chumba cha kujifungulia. Siku ya tisa pembe yake iligeuka manjano, na dawa ile ikishakuwa manjano basi tena, unyevu umeiua. Jioni hiyo mkunga alimzalisha mama mmoja kwa tochi ya simu aliyoibana kwa meno, na mama yule alinusurika chupuchupu. Byabato aliona aibu. Akaongeza gundi pembezoni, akapeleka kioo cha pili. Nacho kikawa manjano. La kuvunda halina ubani, lakini nani angemwambia fundi?

Sasa, bintiye Kokugonza alikuwa na mimba ya miezi saba, na angejifungulia palepale. Usingizi ukamhama Byabato. Kila alipomwona binti akijishika kiuno, alirudi mbio chumbani mwake. Akazidi kujifungia, akaziba hata tundu la ufunguo kwa nta.

Kokugonza akaja akasimama nje ya mlango ule. "Baba," alisema, "unakificha kioo hewa isikiguse, kisha unakituma kikaishi ndani ya hewa hiyohiyo. Kitaizoea lini?"

Maneno yakamchoma. Kesho yake alifungua mlango na madirisha, na ukungu ukaingia kama mwenye nyumba. Vioo vikamfia mikononi, kimoja baada ya kingine. Mwezi ule alikonda, maana tumbo la binti lilikuwa halimsubiri. Lakini kila kioo kilichokufa kilimwonyesha kosa lake, jambo ambalo kile chumba hakikuwahi kumwambia. Alijifunza kukipasha kioo moto kwanza, kukipaka dawa nyembamba, kuikausha upesi kwa upepo wa moto, na kuichanganya na kitu kinachofukuza maji. Kimoja kikabaki cheusi. Alikiacha uani mvuani wiki mbili, akikichungulia kila asubuhi kama mtu anayeuguza. Kikabaki cheusi. Akakipandisha juu ya zahanati, roho ingali mkononi.

Siku uchungu ulipomshika Kokugonza, mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Giza lilipoingia taa ikawaka. Byabato alisimama nje, amelowa chapachapa, akiitazama ile taa dirishani na kungoja ififie. Mkunga alipita mara mbili na beseni. Hatimaye mtoto alilia, na taa ilikuwa bado inawaka. Mzee wa watu akakaa kwenye tope.

Nawe uliyeifungia imani yako chumbani ukaisifu humohumo, siku utakapoihitaji mvuani, itakuwa na rangi gani?