Mji Ulioombewa Sharti Moja

Alikuwako, na ukweli wake anaujua Mola aliyeyaona yote, sultani aitwaye Ghalibu bin Nasibu, mwenye kutawala mji wa Durwani, mji wa mitaa tisa na mabustani ya komamanga, naye alikuwa na watawala jirani watatu waliomchukia. Na walimchukia kwa haki, nisikufiche. Miaka kumi nyuma alipigana nao akaelemewa, akaomba suluhu, na suluhu ya zama zile ilifungwa kwa yamini ya chumvi: kila mtawala alitia punje ulimini mbele ya mahasimu wake, na mwenye kuila kisha akavunja ahadi, Mungu amvunje mgongo. Sasa waziri wake, Lutfani, akasaga shabu, ile ya kusafishia maji, akaitia katika kijaluba cha bwana wake badala ya chumvi. Sultani akailamba, akaapa, na mwaka wa pili akawavamia wote watatu wakiwa mavunoni, tena akajitapa hadharani kwamba yeye hakula chumvi ya mtu. Lutfani akavishwa joho la hariri kwa werevu ule. Werevu! Mwerevu hajinyoi, ndugu zangu.

Basi safari hii wale watatu walikuja na Harkani, jini aliyetolewa katika kisima cha shaba, naye amefungwa minyororo mitatu, kila mtawala kashika wake. Na kila alfajiri jini alivuta pumzi, na mtaa mmoja wa Durwani ukaporomoka na watu wake, kuanzia mashariki kwenda magharibi. Na Sultani Ghalibu alipiga marufuku mtu kuhama nyumba yake, ati asiwatie wenziwe hofu.

Ilipobaki mitaa mitatu, akamwita Lutfani. "Nenda kaombe suluhu. Tutafungua malango, kwa sharti shingo yangu isiguswe."

Lutfani akainama, na moyoni akabeba sharti lake mwenyewe, kwa kuwa zamu ya kesho ilikuwa ya mtaa wa wafua shaba, na humo alikaa Nasria, bintiye wa pekee, na watoto wake wawili.

Kambini alipokewa na Malkia Durdana, mkubwa wa wale watatu, mwanamke wa makamo mwenye viganja vilivyochubuliwa na mnyororo. Lutfani akaanguka miguuni pake.

"Ewe Malkia mtukufu, shingo ya sultani ifanyeni mpendavyo. Nakuomba moja tu. Mtaa wa wafua shaba usiguswe kesho. Mna mwanangu mle."

Malkia akalia, wallahi alilia. Kisha akasema, "Waziri, wewe ndiye uliyesaga shabu. Nikikupa sharti, utaniapia kwa kitu gani? Na hata ningetaka, watazame wenzangu hawa. Wadhani twapendana? Mimi na huyu tumegombania mto miaka ishirini. Kila mmoja wetu anahofia mwenziwe atapatana na Ghalibu kwa siri, atupe mnyororo aende zake, na ukitupwa mmoja jini anatugeukia sisi. Ndiyo maana tuliapizana: hakuna sharti, liwe dogo kama punje ya mtama. Fungueni malango, mtoke mikono mitupu."

"Kisha mtatufanya nini?"

"Nikikwambia, hilo nalo ni sharti."

Lutfani akarudi alasiri ile, akapita kwa Nasria, akamkuta anawapepea wanawe. Akamweleza yote.

"Baba, si wewe unayeshika funguo za malango?"

"Ndimi."

"Basi fungua!"

"Mwanangu, hawakuahidi kitu. Watu tuliowatenda vile, tuwatokee mikono mitupu? Watatuchinja."

"Na sisi tulipoahidi, ilikuwaje?"

Lutfani akainuka. Akasema subiri, huenda Malkia ataingiwa na huruma, akaenda zake na funguo kiunoni. Masikini, alimpima kila mtu kwa pishi ya nyumbani kwake.

Alfajiri jini akavuta pumzi, na mtaa wa wafua shaba ukaporomoka.

Hapo ndipo Lutfani alipokwenda malangoni akayafungua yote, bila kumuuliza sultani wala mtu. Na majeshi yakaingia, na hakuna aliyechinjwa. Wakapika wali wa mji mzima, wakaleta matabibu, Ghalibu wakampeleka kisiwani na shingo yake nzima, na binti wa sultani huyo akaozwa mwana wa Malkia kwa harusi ya siku saba. Lutfani akapewa nyumba ya ghorofa na mali isiyokwisha, kwa kuwa ndiye aliyefungua.

Akamwendea Malkia. "Haya mliyoyafanya, mliyakatia shauri lini?"

"Siku tuliyofika," akasema Malkia, na hakuweza kumtazama.

Mwenye kuvunja ahadi hupoteza viwili: haaminiwi, na yeye haamini. Hekaya yangu imekomea hapo. Anayetaka kuomba dua na amwombee Nasria na wanawe. Baba yake alikataza yeye mwenyewe kuombewa.