Sweta la Hasira Tatu

Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake. Mwishoni nitauliza swali, na safari hii sitaki majibu ya haraka haraka. Mara ya mwisho niliposimulia hadithi hii, bwana mmoja alijibu kabla sijamaliza, akaondoka akijiona hakimu. Mpaka leo nikimwona njiani nakasirika upya.

Katika kijiji cha Luvalo, juu kabisa milimani, ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa barafu, waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Mama Zelida alijaliwa vidole. Siku ya mnada, mtumba ukimwagwa kwenye turubai, wenzake waliangalia rangi na maua. Yeye alifumba macho, akapapasa, akakwambia hili nailoni, hili limechanganywa, hili ni sufu ya kondoo tupu. Hakukosea, na hakuchoka kutukumbusha kwamba hakosei.

Edina, mke wa mtoto wake, alijaliwa moto na maji. Kuni mbichi zilizomshinda kila mtu zilimkubali yeye, na nguo iliyopita mikononi mwake ilitoka haina doa wala harufu. Alichokosa ni mtoto. Mkwewe alihakikisha haipiti siku bila kumkumbusha hilo, tena wakati wa kula, ili tonge limkwame.

Sekela alijaliwa sindano. Aliletwa Luvalo na mume, mume akafa, akabaki na cherehani yake barazani. Masweta ya mtumba yaliyochanika aliyageuza kofia, soksi na glavu, na nusu ya watoto wa shule walivaa kazi yake. Wazazi wa watoto hao hao waliendelea kumwita Mgeni, miaka yote hiyo, bila aibu.

Mtasema wanawake wa namna hiyo wangeshirikiana wangefanya makubwa. Hawakushirikiana. Hawakupeana hata kamwene, salamu ya kule.

Siku moja Zelida alipata mnadani sweta la sufu nzito, rangi ya maziwa, la kuvaa kanisani mpaka kufa kwake. Akampa Edina alifue, harufu ya mtumba itoke. Angeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini alisimama uani, majirani wakisikia, akasema katika nyumba ile watoto hawaji ila chawa wanakuja, kwa hiyo sweta lichemshwe.

Edina aliingia jikoni. Aliinjika sufuria kubwa ya shughuli, akakatia humo mche mzima wa sabuni, akachochea moto mpaka paa likafuka moshi. Kasema lichemshwe, basi litachemka. Akalisonga kwa mwiko kama ugali wa msibani, machozi yakidondokea humo humo. Wanawake wote wa Luvalo huchemsha mtumba, na nguo nyingine hazina neno. Sufu ya kondoo haivumilii. Zelida na vidole vyake alijua kuichagua, ila maisha yake yote nguo zake alifuliwa na wengine, kwa hiyo hilo hakulijua. Sweta lilipotoka lilikuwa limesinyaa, limeshikamana, nene kama blanketi, mikono yake haizidi gunzi la muhindi.

Zelida alipoliona alipiga kelele hadi mbwa wakaitikia. Akalikunja, akalirusha juu ya ua wa Sekela, akamwambia alifanye dekio, maana yeye si ndiye anayeishi kwa matambara.

Sekela naye ana moyo. Alilitazama sweta lile chini kwenye vumbi, akaliokota, akalikung'uta. Kisha akalikata, na akaona ajabu, mahali mkasi ulipopita hapakufumuka hata uzi mmoja. Akashona kofia ndogo, soksi ndogo na mfuko wa kumfungia kichanga, mishono imelala kiasi kwamba huioni mpaka uishike. Hakuna mtoto aliyekuwa akimfikiria. Nia yake ilikuwa kuvitundika kwenye msumari wa baraza, pale njia ya kanisani inapopita, ili Zelida aone watu wanavyolicheka sweta lake la fahari lililogeuka nguo za mdoli. Akavitundika Jumamosi jioni.

Alfajiri ya Jumapili Yusta, jirani yao, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, wa kulala kwenye viganja viwili. Nguo zote zilizoandaliwa zilimmeza. Nesi wa zahanati alimwambia mama amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, na kichwa na miguu visikae wazi hata kidogo. Nje barafu imeshika, mbuzi wawili wa jirani wamekutwa wamekauka. Mume wa Yusta akatoka mbio kutafuta chochote cha joto, akaviona vitu vile msumarini, akavinyakua bila hodi. Vikamkaa mtoto utadhani alipimwa. Baridi ile ilikaa mwezi mzima, na mtoto akaishi.

Sasa sikilizeni desturi ya Luvalo, maana ugomvi unatoka hapo. Mzazi hampi mwanawe jina. Mtoto huchukua jina la yule aliyemvika nguo ya kwanza, jina moja tu, na akikua huwa mtoto wa huyo mtu pia, humlimia na humzika. Kwa kawaida haina shida. Bibi analeta nguo, jina linatoka, watu wanakula.

Siku ya jina walifika wote watatu, kila mmoja amevaa vizuri na amenuna. Yusta alikaa mkekani na mtoto, mlango uko wazi, upepo wa mlimani unaingia.

Zelida alisema mtoto ni Zelida. Bila vidole vyake lile lingekuwa nailoni, na nailoni ingechemshwa isingefaa kitu. Sekela alisema mtoto ni Sekela, kwa kuwa tambara halimvishi mtu mpaka lishonwe, na kwa mara ya kwanza pawepo mtu Luvalo asiyeweza kumwita Mgeni. Edina alikuwa wa mwisho. Aliposema, sauti ilikuwa ya chini. Alisema bila maji yake sweta lingekuwa kubwa na laini, baridi ingepita, na kwamba amechoka kuambiwa hana mtoto.

"Wewe uliliharibu," Zelida akamwambia. "Kuharibu si kuvika."

"Na wewe ulilitupa, Mama. Kutupa ndiko kuvika?"

"Na huyu alilitundika watu wanicheke," Zelida akasema akimnyooshea Sekela kidole.

Basi kila mmoja akamvua mwenzake sifa, mpaka akakosekana aliyemvika mtoto. Zelida akafika mwisho wa hasira yake. "Kama si jina langu, nirudishiwe sufu yangu." Sekela akatoa mkasi mdogo kwenye mkoba, akasema basi naye anafumua uzi wake. Edina akafungua mikono mitupu. "Maji yangu yalishamwagika," alisema. "Mimi mtanirudishia nini?"

Yusta akapiga magoti mkekani. Akamtoa mtoto kifuani, akamlaza katikati ya mkeka na kofia yake, soksi zake na mfuko wake.

"Haya," alisema kwa ghadhabu. "Aliyemvika simjui. Atakayemvua na aanze."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeondoka pia, wala aliyeomba radhi, nawaambia ukweli. Walisimama vivyo hivyo, wamevimba, wakimwangalia mtoto, na mtoto akapiga chafya.

Msiniambie apewe majina matatu, nimekwisha sema ni moja. Msiniambie walimsaidia kwa bahati mbaya, kwa hiyo hawastahili. Mtoto yu hai kwa bahati mbaya hiyo. Yupo mwenye sufu, aliyeitupa. Yupo mwenye moto, aliyeunguza moyo wake mwenyewe. Yupo mwenye sindano, aliyeshona kwa kejeli. Na yupo mtoto ambaye hadi sasa anaitwa Huyu.

Je, wewe ungemwita nani? Najua nilikataa haraka, lakini sema upesi, mlango bado uko wazi na mtoto yuko chini.