Kiti cha Mzazi wa Spesioza

Kaeni vizuri, na anayetaka kusinzia akasinzie kwake. Hii si ngano ya kubembelezea watoto, ingawa watoto nao wasikilize.

Palikuwa na watu watatu. Nyirahuku alijua kupika pombe ya ndizi. Kanyoni alijua kusema uongo bila kupepesa jicho. Ma Kokugonza hakujua lolote la kusifiwa, ila akianza jambo haachi. Na kati yao alikuwepo Spesioza, mtoto ambaye ukoo wake wote uliuawa katika mauaji ya kimbari, kuanzia babu hadi kichanga cha mgongoni.

Siku ile alikimbilia kwa Nyirahuku. Mama huyo akamtumbukiza kwenye shimo la kuivishia ndizi, akamfunika kwa majani na udongo, akaacha upenyo wa pua. Wauaji walikuwa wateja wake; wakaja kunywa juu ya kichwa cha mtoto. Mmoja akagonga ardhi kwa panga.

"Hapa chini kuna nini?"

"Ndizi. Zifukue mbichi, kesho mnywe maji."

Kiu ikawashinda. Spesioza alisikia kila neno, hata jina la baba yake likitajwa kwa kicheko.

Shimo lilipoanza kutiliwa shaka, Nyirahuku akamwelekeza njia ya mtoni. Njiani palikuwa na kizuizi, na kwenye kizuizi alisimama Kanyoni, jirani yao wa zamani, panga mkononi. Akamwona kabla ya wenzake. Akamzaba kibao hadi akaanguka.

"Mbwa wewe, kuni nilizokutuma ziko wapi?"

"Unamjua?" mwenzake akauliza.

"Mtumishi wa mke wangu."

"Mbona ana sura yao?"

"Na wewe una sura ya mbuzi, nani kakuchinja?"

Wakacheka. Kanyoni akamswaga kwa mateke hadi mtoni, akamtia mtumbwini, akamvusha. Kisha akarudi kizuizini. Aliyoyafanya huko jioni ile aliyasema mahakamani, akafungwa, akatoka. Spesioza hajawahi kumuuliza.

Ng'ambo, Ma Kokugonza, mjane, akamwokota. Mtoto hasemi, wala haingii chumba chenye mlango. Analala nje kwenye mibuni, mvua inamnyea. Ma akachukua nyundo, akang'oa mlango wa nyumba yake.

"Ma, umerogwa?" majirani wakamcheka. "Wezi watakukomba."

"Wakombe. Huyu hatalala tena nje."

Wakamkomba kweli, mbuzi wote. Baridi nayo ikamwachia kikohozi anachokohoa mpaka leo. Misimu ikapita, nyumba iko wazi kama mdomo wa chizi. Mpaka asubuhi moja Spesioza akatamka, "Mama, baridi. Turudishe mlango."

Akakua, akachumbiwa. Desturi ya huko, kiti cha mzazi ni kimoja. Atakayekikalia ndiye atakayemtoa bibi harusi, na kwa huyo ndiko kwao: akipigwa, akiachwa, akifiwa, atarudi hapo. Spesioza hakuwa na kwao. Siku ya harusi alitakiwa achague.

Wote watatu walifika. Hakuna aliyeketi.

"Bila shimo langu, wewe ungemvusha nani?" alianza Nyirahuku, akimgeukia Kanyoni.

"Bila kibao changu, shimo lako lingechelewesha kaburi tu," Kanyoni akajibu, macho chini.

"Nyamaza. Lile panga ulilishika la kukatia majani?"

"Na pombe waliyokunywa kabla ya kwenda kuua, alipika nani?"

Ma Kokugonza akakohoa. "Mlinivushia mwili. Mtu nimemtafuta mimi."

"Wewe ulipoteza mbuzi, Ma," Nyirahuku akamwambia. "Sisi tungepoteza shingo."

Spesioza alishika mgongo wa kiti. Akisema Nyirahuku, kwao kutakuwa kule uani walikonywea wauaji. Akisema Kanyoni, atarudi kwenye kilima walikouawa wazazi wake, kwa mtu anayejua nani aliwaua. Akisema Ma, wale wawili waliohatarisha shingo wataondoka kama wageni waliofuata pilau.

Huko nje mshenga wa wakwe akapaza sauti, "Hodi. Mzazi wa binti ni nani, tumsalimie?"

Haya. Kiti kimoja, na wakwe wamesimama juani. Msiseme wabanane wote watatu. Huo ni uoga, si uamuzi. Ninyi mngemkalisha nani? Na kabla hujamtaja, wageukie wale wawili utakaowaacha wamesimama, uwaambie kwa nini.